Kabla Ulipie Fundi Skrini Mpya, Jua Tachi ya Simu Yako Inafanya Kazi Aje

Hii hali unaijua. Ni jioni, mvua imeshuka tao, na konda amesimama juu yako anadai fare. Unatoa simu umtumie, matone mawili yanateremka kutoka kwa nywele yanatua kwenye kioo, na hapo hapo simu inapata akili zake. Unagusa 5, inaandika 8. Unagusa kutuma, inakurudisha mwanzo. Unapanguza na mkono wa sweta, inazidi kuruka. "Mkubwa, wacha kuchezea simu, lipa," konda anakuambia, na abiria wote wanakuangalia kama msee anayetafuta kupanda sare.

Simu haijaharibika na wewe hujarogwa. Ni vile tachi imetengenezwa tu. Lakini wasee wengi hawajui hiyo, na kutojua kunawatoa doo kila siku. Mimi mwenyewe nilibakisha dakika chache nilipe 6,500 kwa skrini ambayo sikuhitaji. Hiyo stori inakuja. Kwanza tuelewane kuhusu kitu kimoja: ile kitu tunaita "tachi" si teknolojia moja. Ni kadhaa, na kila moja inakutambua kwa njia yake.

Zile za kubonyeza kwa nguvu

Kama ulikuwa umechanuka kufikia 2012, unakumbuka zile simu za Mchina zenye laini mbili, antena ya TV ya kuvuta, spika ya kusumbua mtaa mzima na kalamu imechomekwa kwa kona. Nyingi zilikufa siku moja, pale Tume ya Mawasiliano ilipozima simu feki mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Sasa, ile kalamu haikuwa urembo. Skrini yenyewe ilikuwa ya aina inayoitwa resistivu, na hiyo inataka kusukumwa.

Fikiria chapati mbili nyembamba, moja juu ya nyingine, lakini hazigusani. Ya juu ni plastiki laini, ya chini ni kioo. Zote zimepakwa kitu kinachopitisha umeme na bado unaona ndani yake, mchanganyiko wa indiamu, bati na oksijeni. Katikati kuna vidoti vidogo sana vya kuzizuia zisikutane. Ukibonyeza, chapati ya juu inabonyea na kugusa ya chini, mahali pamoja tu.

Simu inajuaje ni wapi? Tuseme inapeleka volti 5 upande wa kushoto na sufuri upande wa kulia. Umeme unashuka pole pole ukivuka skrini, kama mtu anateremka mlima. Ukibonyeza katikati kabisa, simu inasoma volti 2.5. Ukibonyeza karibu na kulia, inasoma kitu kama 1. Yaani volti imegeuka kuwa rula. Halafu inarudia mchezo huo huo kutoka juu kwenda chini, na sasa ina namba mbili, moja ya upana na moja ya urefu. Hapo imekupata.

Huu ujanja unahusishwa na Mmarekani mmoja, Sam Hurst, aliyekuwa akifundisha University of Kentucky karibu mwaka 1970. Jamaa hakuwa anawaza simu. Alikuwa na rundo la grafu za kusoma, akataka njia ya kuzisoma haraka bila kukaa na rula miezi mizima. Mwaka 1971 akaanzisha kampuni ya Elographics, na toleo la kuona ndani likaja baadaye.

Sasa shika hapa: skrini ya resistivu haijali nani anabonyeza. Kidole, ukucha, kifuniko cha biro, kijiti cha meno, mkono uko ndani ya glavu, zote ni sawa, bora kuna nguvu ya kusukuma. Ndiyo maana mpaka leo unaikuta kwa mashine nyingi za kaunta, kwa vifaa vya hospitali na viwanda ambako watu wanavaa glavu, na kwa redio za gari za bei ya chini. Nintendo DS ya 2004 ilikuwa nayo. Nokia 5800 ya 2008 pia ilikuwa nayo, na ilikuja na kitu kama kiplastiki cha kupigia gitaa ndicho uguse nacho. Kama uliwahi kuwa nayo, najua hiyo kitu ilipotea wiki ya kwanza.

Mbona basi simu ziliihama? Sababu ni kadhaa lakini moja ndiyo kubwa: vidole viwili. Ukibonyeza mahali pawili kwa skrini ya kawaida ya resistivu, inachanganyikiwa na kudhani umebonyeza hapo katikati. Kuvuta picha iwe kubwa kwa vidole viwili, wapi. Tena zile chapati mbili zinakula mwanga, kwa hivyo juani Nairobi saa saba mchana ulikuwa unasoma SMS ukiwa umejifunika na koti. Na ile plastiki ya juu inachakaa, hasa mahali panapobonyezwa kila siku. Ukiona keshia anagonga kitufe kimoja mara nne ndipo kiitike, ujue rangi ya ndani imepasuka hapo.

Simu yako inakuhisi

Hiyo iliyo mkononi mwako saa hii, iwe ya ngiri kumi ama ya laki moja na nusu, haibonyezwi. Inakuhisi. Inaitwa kapasitivu, na siri yake ni kwamba mwili wako ni maji na chumvi, kwa hivyo unapitisha umeme. Ukigusa skrini, unakuwa sehemu ya saketi ya simu. Usiogope, ni umeme mdogo kiasi kwamba hauwezi kuuskia.

Chini ya kioo kuna wavu wa nyaya nyembamba usioweza kuuona. Zingine zimelala, zingine zimesimama, na hazigusani. Kila zinapopishana kuna kitu kama katangi kadogo ka kuweka chaji. Chipu ya simu inapeleka mapigo ya umeme kwa mistari iliyolala, mmoja baada ya mwingine, huku ikisikiliza kwa ile iliyosimama. Kukiwa hakuna kidole, kila makutano yanajibu vile yalivyozoea. Kidole kikikaribia, kinaiba kachaji kidogo, jibu linashuka, na chipu inasema: hapa kuna mtu. Hicho kinachoibwa ni kidogo vibaya. Kinapimwa kwa pikofaradi, yaani faradi moja ukiigawa mara trilioni.

Kuna kitu hapa kilinishangaza. Zile nyaya hazijabanana kama unavyodhani. Kwa simu nyingi zimeachana kama milimita nne ama tano hivi, karibu nusu ya upana wa kidole. Mbona basi unaweza kugusa herufi ndogo na isikosee? Ni kwa sababu kidole chako kinafunika makutano kadhaa mara moja. Chipu inaangalia nani ameibiwa sana na nani ameibiwa kidogo, kisha inapiga hesabu ya katikati. Ndiyo maana ncha ya ukucha haifanyi kazi: haiibi chaji ya kutosha. Ndiyo maana pia vidole vyako vinene bado vinaweza kuandika meseji ya maana.

Na ile shida ya vidole viwili? Skrini za kwanza za kapasitivu bado zilikuwa nayo. Zilikuwa zinasoma kila mstari kivyake, si kila makutano. Chukua mfano wa mathree. Konda anauliza, "Ni siti za mstari gani hawajalipa?" Anaambiwa wa pili na wa nne. Anauliza tena, "Ni za dirishani ama za njiani?" Anaambiwa kuna mmoja dirishani na mmoja njiani. Sasa ni nani? Inaweza kuwa wa pili dirishani na wa nne njiani, ama kinyume chake. Kuna watu wawili halisi na mizimwi miwili, na konda hawezi kujua. Dawa ni kuuliza kila siti peke yake. Hivyo ndivyo simu za leo zinafanya: kila makutano yanaulizwa, kwa hivyo vidole vyote kumi vinaweza kukaa juu ya skrini na kila kimoja kinajulikana.

Watu wengi wanadhani hii teknolojia ilizaliwa na iPhone. Zii. Mwaka 1965, kule Malvern, Uingereza, mhandisi E. A. Johnson wa Royal Radar Establishment alichapisha karatasi fupi kuhusu skrini ya kugusa, akiwaza wale wasee wa kuongoza ndege. Ilikuwa ya kapasitivu. Yaani hii "mpya" ilitangulia ile ya kubonyeza ya Hurst. Miaka ya 70, wahandisi wa CERN, kile kituo cha utafiti wa atomu pale mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wakatengeneza zao za kuendeshea mitambo. Kilichofanyika 2007 ni kwamba Apple waliichukua, wakaweka vidole vingi na kioo kigumu badala ya plastiki, na Steve Jobs akasimama jukwaani kuchekelea kalamu. LG walikuwa wametangaza simu yao ya kapasitivu, Prada, mwezi mmoja kabla, lakini nani anaikumbuka?

Hapa kwetu, wengi waliionja kwa mara ya kwanza 2011, Huawei Ideos ilipoingia kwa kama shilingi 8,000. Kaskrini kadogo kama kadi ya ATM iliyokatwa, lakini kalikuwa ka kapasitivu halisi. Ulikuwa unapitisha kidole tu na vitu vinasonga. Mtu wa Mchina na kalamu yake alikuwa anakuangalia hivi...

Mvua, glavu na smokie

Sasa rudi kwa ile mvua. Simu inatafuta kitu kinachosumbua chaji ya wavu wake, na maji yanasumbua sana, haswa yakichanganyika na jasho na chumvi ya mkono. Tone likikaa peke yake, chipu inaweza kulipuuza. Lakini kidole chako kikigusa tone, na tone liko juu ya makutano kumi, chipu inaona kidole kimoja kikubwa chenye umbo la Ziwa Victoria. Ile hesabu ya katikati inaangukia mahali pengine kabisa. Ndiyo 5 imekuwa 8. Kuna simu mpya zenye programu za kubahatisha ni nini maji na ni nini kidole, na zinajaribu. Bado kitambaa kikavu ndicho dawa. Mkono wa sweta iliyolowa unasambaza tu maji.

Glavu za sufi nazo zinafanya kinyume: zinakufungia. Umeme haupiti, na kidole kimesukumwa mbali na wavu. Zile zinazouzwa kuwa ni za tachi zina uzi unaopitisha umeme kwenye ncha. Protekta nene inaleta shida hiyo hiyo kwa kiwango kidogo, ndiyo maana simu kadhaa zina mahali kwa mipangilio pa kuongeza ukali wa tachi ukiwa na protekta. Kama umeweka kioo kipya juu na simu imekuwa baridi, angalia hapo kwanza.

Kitu chochote chenye maji na chumvi, ukikishika mkononi, kinaweza kuwa kidole. Mwaka 2010 huko Korea Kusini, wakati wa baridi kali, ilikuwa kwa habari kwamba watu wanagusa simu na soseji ili wasitoe glavu. Ndizi pia inafanya. Smokie ya mtaani nayo itafanya, lakini iguse kabla ya kachumbari.

Ile stori ya 6,500

Simu yangu ilianza kujigusa yenyewe usiku. Nikiwa nimelala naangalia video, ghafla inaruka kwa video ingine, inafungua kamera, inaanza kupigia mtu. Mara ya tatu ilipigia mtu nisiyetaka kuongea naye saa sita usiku, na sitasema zaidi. Asubuhi nikaipeleka kwa fundi mmoja tao. Akaigeuza mara mbili, akasema, "Boss, hii tachi imeenda. Tunabadilisha skrini yote. 6,500 juu ni wewe."

Nilikuwa tayari natafuta doo. Kilichoniokoa ni kwamba pale kwa kaunta, dakika kumi nzima, simu haikuruka hata mara moja. Nikamwambia nitarudi. Jioni nikachomeka chaja, ikaanza. Nikachomoa, ikatulia. Nikachomeka, ikaanza. Chaja nilikuwa nimenunua kwa mtu anayetembeza kwa jam, soo mbili.

Iko hivi. Simu inapima chaji ndogo sana, na inazipima ikilinganisha na "ardhi" yake, ile sufuri ya umeme. Chaja nzuri ina vipuri vya kuchuja kelele ya umeme wa ukutani. Chaja ya magendo mara nyingi imeviruka ili iwe rahisi. Basi ile sufuri ya simu haitulii, inapanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde. Wewe uliyelala kitandani hupandi nayo. Kidole kikigusa, hiyo tofauti inaingia kwa wavu, na chipu inaona miguso ambayo haipo. Skrini ni nzima. Ni kama kumpima mtu urefu akiwa amesimama kwa trampolini.

Kwa hivyo simu ikianza kuruka, chomoa chaja kwanza. Ikitulia, tafuta chaja ingine kabla utafute fundi. Tena hiyo chaja usirudi kuitumia, kwa sababu kama waliruka vipuri vya kelele, hujui ni nini kingine waliruka.

Kama inaruka hata bila chaja, toa kava uangalie mgongo na pembeni. Betri iliyofura inaweza kusukuma skrini kutoka ndani, na tachi ikawa ya wazimu. Hapo sasa usingoje hata kesho, usiichaji, na usijaribu kuibonyeza irudi ndani. Hiyo ni ya fundi moja kwa moja, na si kwa sababu ya tachi. Betri ya lithiamu iliyofura inaweza kushika moto.

Wale wa game

Haraka tu. Kwenye tangazo la simu utaona 120Hz, halafu mahali pengine 240Hz ama zaidi. Si kitu kimoja. Ya kwanza ni mara ngapi kwa sekunde skrini inachora picha upya. Ya pili ni mara ngapi chipu inauliza vidole vyako viko wapi. Ikiuliza mara 60, kuna karibu milisekunde 17 kati ya swali na swali. Ikiuliza mara 240, ni kama 4. Kwa TikTok hutaona tofauti. Kwa game ya kupiga risasi, hiyo inaweza kuwa wewe ama yeye. Lakini namba ikizidi hapo sana, mara nyingi ni ya kuuzia tu, kwa sababu simu bado inahitaji wakati wa kuchora na mtandao bado ni ule wa bundle yako.

Zingine utakazokutana nazo

Kuna skrini ambazo hata hazina wavu. Za infraredi zina taa ndogo zisizoonekana pembeni, zinarusha miale kukatiza skrini kama waya za kuanikia nguo, na kidole kikikata mwale, mashine inajua. Hazihitaji kidole chenyewe, hata kijiti kinatosha. Kule University of Illinois walikuwa nazo kwa mashine za kufundishia za PLATO IV tangu 1972, miale 16 kwa 16. Kindle Touch ya 2011 ilitumia mtindo huo, na bodi nyingi kubwa za kufundishia zinautumia kwa sababu ni rahisi kuliko kutandika wavu kwa ukuta mzima. Shida yake ni uchafu: nzi akitua, amegusa.

Kuna pia za mawimbi ya sauti, ya juu kuliko sikio linavyoweza kuskia. Mawimbi yanapita juu ya kioo, kidole laini kinayameza, mashine inapima ni wapi yamepotea. Kioo ni kitupu kabisa kwa hivyo picha inatoka safi. Utazikuta kwa mashine za kujihudumia, hutazikuta kwa simu.

Kalamu nazo zilirudi, na Jobs hakuwepo kuona. Galaxy Note ya 2011 ilikuwa na kalamu ya Wacom isiyo na betri. Nyuma ya skrini kuna tabaka lingine linalotoa nguvu ya sumaku, kalamu inaipokea na kujibu. Hiyo ni tofauti na kale kakalamu ka mpira ka shilingi hamsini, ambako ni kidole bandia tu. Na kama unakumbuka 3D Touch, ile iPhone 6s ya 2015 ilijua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani: Apple waliiachilia na iPhone 11 mwaka 2019. Wengi walikuwa nayo na hawakuwahi kujua.

Sasa twende kwa fundi

Hapa ndipo pesa iko. Simu yako mbele ina vitu vitatu: kioo cha juu, tachi, na ile inayotoa picha. Zamani vilikuwa vitu vinavyoachana. Kioo na tachi vilishikana, picha ilikuwa chini yake peke yake, kwa hivyo fundi alikuwa anakubadilishia tachi tu na unaenda nyumbani na change. Halafu watengenezaji wakaanza kubana kila kitu. Samsung, na Galaxy S ya 2010, waliweka tachi moja kwa moja juu ya paneli ya picha. Apple, na iPhone 5 ya 2012, wakaiingiza ndani ya paneli yenyewe. Simu ikawa nyembamba, picha ikawa safi, na bili ikapanda.

Kwa hivyo simu ikianguka, usiseme tu "skrini imeisha". Angalia. Kioo kina mipasuko kama buibui lakini picha ni safi na tachi inaitika kila mahali? Basi kilichokufa ni kioo pekee. Kwa simu ambazo tachi iko ndani ya paneli, hicho kioo cha juu ni ngao tu. Kuna mafundi wenye mashine ya kukitoa kwa joto na waya nyembamba, wakasafisha gundi, wakabandika kingine. Ni kazi ya mkono, na kwa paneli za OLED inaweza kwenda vibaya, kwa hivyo uliza mapema: ukiharibu paneli, nani analipa? Fundi anayejiamini ana jibu. Anayeanza kukwambia "tutaangalia" unamwambia asante.

Ukiona doa jeusi kama wino limemwagika, ama mistari ya rangi, hapo paneli imeumia, hakuna cha kioo pekee. Na ukiona tachi imekufa kwa ukanda mmoja ulionyooka, tuseme mstari mzima ambapo herufi za A mpaka L zinakaa, sasa unajua ni nini: waya mmoja ama kadhaa wa ule wavu umekatika, ama umeachia mahali unapoingia kwa chipu.

Kuna njia ya kuipima mwenyewe bila kulipa mtu. Kwa Android, ingia mahali pa habari za simu, tafuta "Build number", uguse mara saba. Menyu mpya ya "Developer options" itafunguka. Ndani yake washa "Pointer location". Sasa weka kidole na uchore mistari kutoka kona hadi kona, pole pole, kama unapaka chapati mafuta. Simu itachora kila unapopita. Mstari ukikatika mahali pamoja kila mara, hapo ndipo pamekufa. Na mistari ikijichora yenyewe wakati hujagusa, umeona mizimwi kwa macho, kwa hivyo rudia ukiwa na chaja na bila chaja. Kwa Samsung nyingi, piga *#0*# kama unapiga simu, na utapata menyu ya kupima skrini.

Ujanja wa mwisho unahusu skrini ya kubadilishwa. Simu yako kama ilikuja na OLED, kuna nakala za LCD zinazoingia sawa sawa na ni rahisi zaidi. Si dhambi kuiweka, bora uambiwe na ulipe bei yake. Kuna njia mbili za kuijua. Fungua picha nyeusi kabisa ukiwa mahali pa giza: OLED inazima pikseli zake kabisa, LCD inabaki na mwangaza wa kijivu. Halafu jaribu alama ya kidole, kama simu yako huisoma chini ya kioo. Zile za kusoma kwa mwanga zinahitaji kuona kidole kupitia paneli ya OLED, na kwa nakala ya LCD zinanyamaza kabisa. Fundi akikwambia "hiyo ya kidole itarudi yenyewe baada ya siku mbili", haitarudi.

Fanya hivyo vipimo vyote, mistari ya kona hadi kona, picha nyeusi na kidole, skrini mpya ikiwa imechomekwa lakini haijapigwa gundi. Mwambie fundi tu, "Boss, ngoja kidogo nijaribu kabla ufunge." Inachukua dakika tatu.